Dereva Mwanamke, Abiria Mwanamke: Uchambuzi wa Usafiri wa Usiku Mzinga na Morogoro

Mjadala kuhusu teksi zinazoendeshwa na wanawake kwa ajili ya abiria wanawake huendeshwa kana kwamba jambo linalozungumzwa ni moja, ilhali ndani yake yamo mambo matatu yanayotofautiana kwa lengo, kwa gharama na hata kwa sheria zinazoyahusu. La kwanza ni kampuni inayoajiri madereva wanawake peke yao na kubeba wanawake, pengine pamoja na watoto, bila kupokea abiria wa kiume aliye mtu mzima. La pili ni chaguo linalowekwa ndani ya programu ya simu ya kuitia usafiri, ambalo humwezesha abiria mwanamke kuomba apelekewe dereva mwanamke huku magari mengine ya kampuni hiyo hiyo yakiendelea kubeba watu wote. La tatu ni mwanamke anayeendesha teksi, bajaji au bodaboda kama dereva mwingine yeyote na kumbeba kila anayelipa nauli. Anayelisifu la tatu kwa sababu linaleta ajira hujibiwa na anayelipinga la kwanza kwa sababu linatenga watu, na wote wawili huondoka wakidhani wamejibizana.

Mkanganyiko huo huzidi pale mifano ya majiji makubwa inapochukuliwa jinsi ilivyo na kupelekwa mahali kama Mzinga, kata iliyo pembezoni mwa Manispaa ya Morogoro chini ya Milima ya Uluguru, ambayo jina lake hujulikana nchini zaidi kwa sababu ya Shirika la Mzinga lililo chini ya wizara yenye dhamana ya ulinzi. Huko, neno "teksi" lenyewe halitoshi kueleza namna watu wanavyosafiri, kwa kuwa wengi hutegemea daladala mchana, na daladala zikishapungua hugeukia bajaji na bodaboda.

Wazo lilikotoka

Huduma za aina hii zimezaliwa na sababu tofauti katika nchi tofauti, na ni vyema sababu hizo zitenganishwe kabla ya kupimwa. Katika nchi za Ghuba, ambako wako pia wazungumzaji wengi wa Kiswahili, msingi wake mkubwa ulikuwa haya na maadili ya kutochanganyika kwa wanaume na wanawake wasio maharimu. Dubai ilianzisha teksi za wanawake mwaka 2007, zikitambulika kwa paa la rangi ya waridi, na nchini Saudi Arabia kampuni za programu za simu ziliweza kulitekeleza jambo hilo baada tu ya Juni 2018, wanawake waliporuhusiwa kuendesha magari. Nchini India, msukumo ulikuwa ukatili. Jijini Delhi tayari palikuwa na taasisi iliyoanza mwaka 2008 kuwafundisha udereva wanawake wa kipato cha chini, lakini suala hilo lilishika vichwa vya habari Desemba 2014, abiria mmoja alipobakwa na dereva aliyemwita kwa programu ya Uber. Baadaye ilibainika kwamba dereva huyo alikuwa amewahi kukamatwa kwa tuhuma za aina hiyo hiyo, na kwamba hati ya mwenendo mwema aliyoitumia ilikuwa ya kughushi.

Afrika Mashariki ilifuata kwa njia zake. Nairobi ilipata huduma ya An-Nisa mwaka 2018, ikiwa na madereva wanawake wanaobeba wanawake na watoto, na kabla yake kampuni ya Little, iliyoanza 2016, ilikuwa imeweka katika programu yake chaguo la dereva mwanamke kwa abiria wanawake wa nyakati za usiku. Kampala ilipata Diva Taxi mwaka 2020, katikati ya janga la Korona, na hapo sababu iliyotangulia ilikuwa kipato, kwa kuwa wengi wa waliojiunga walikuwa wanawake waliokuwa wakitafuta kazi wakati shughuli nyingi zimefungwa. Kwa hiyo, mtu akisema "teksi za wanawake zimefanikiwa" au "zimeshindwa", hana budi aulizwe kwanza zilikusudiwa kufanikisha nini, maana huduma iliyoanzishwa kutunza haya haiwezi kupimwa kwa idadi ya ajira, na ile iliyoanzishwa kwa ajili ya ajira haiwezi kulaumiwa kwa kubeba wanaume.

Kwa nini Morogoro, na kwa nini sasa

Sababu zinazolifanya suala hili liwe la moto zaidi Morogoro leo kuliko miaka kumi iliyopita ni tatu, na zote zinahusu saa ambazo watu wako barabarani.

Sababu ya kwanza ni ukuaji wa mji. Sensa ya 2012 iliikuta Manispaa ya Morogoro ikiwa na watu 315,866, na Sensa ya 2022 ikaikuta na watu 471,409, ongezeko la karibu nusu katika muongo mmoja, ambalo sehemu yake kubwa imeangukia kwenye kata za pembezoni ambako viwanja bado vinapatikana na ambako taa za barabarani huchelewa kufika. Sababu ya pili ni mabasi ya usiku. Tangu Oktoba 2023, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, yaani LATRA, iliporuhusu mabasi ya mikoani kusafiri saa ishirini na nne, stendi ya Msamvu imekuwa ikipokea na kushusha abiria katika saa ambazo zamani ilikuwa imelala. Sababu ya tatu ni treni ya umeme ya reli ya kisasa, maarufu kwa jina la SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 na kuendelea hadi Dodoma mwezi uliofuata. Mwanamke anayefanya kazi au anayesoma Dar es Salaam sasa anaweza kurudi Morogoro jioni ile ile, na safari ndefu ikawa ndiyo iliyo salama na ya uhakika, huku kipande kifupi cha kutoka stesheni hadi mlangoni kwake kikibaki bila mpangilio wowote.

Kipande hicho kifupi ndicho kiini cha suala lote. Serikali imewekeza mabilioni katika reli yenye tiketi za kielektroniki, viti vyenye namba na abiria wanaotambulika kwa majina, kisha abiria huyo huyo, akivuka tu geti la stesheni, huingia mikononi mwa mtu asiyejulikana kwa jina, kwa chombo ambacho huenda si chake, na kwa nauli inayokubaliwa gizani. Ongeza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na vyuo vingine vya mjini, wauguzi wanaobadilishana zamu katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na wahudumu wa hoteli na baa, na ndipo huonekana kwamba wanawake wanaohitaji usafiri baada ya saa tatu usiku si wachache.

Wako pia wanawake wa alfajiri, ambao mijadala ya mjini huwasahau. Mwanamke anayeshusha ndizi au mboga kutoka miteremko ya Uluguru kupeleka Soko Kuu la Chifu Kingalu huanza safari kabla ya jua kuchomoza, akiwa na tenga au mkungu unaofungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki na yeye mwenyewe akibanwa katikati, kati ya mzigo na mgongo wa dereva. Huduma ya Toyota IST safi yenye kiyoyozi, hata ikiendeshwa na mwanamke, haimgusi. Katika jamii ya Waluguru, ambako ukoo hufuatwa kwa upande wa mama na ardhi ya ukoo hupita humo, mwanamke huyu anaweza kuwa na sauti kubwa juu ya shamba na akakosa kabisa sauti juu ya chombo kinachobeba mavuno yake. Usafiri wa magurudumu umeingia Uluguru ukiwa mali ya vijana wa kiume, na umebaki hivyo.

Hoja ya usalama na mipaka yake

Wanaotetea huduma ya wanawake kwa wanawake huanzia mahali penye ushahidi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015–16 ulionyesha kwamba asilimia 40 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu wafikie umri wa miaka 15, na asilimia 17 walikuwa wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Mbele ya takwimu hizo, mwanamke anayesita kupanda chombo cha mwanamume asiyemjua usiku hawezi kuitwa mwoga, kwa kuwa anakadiria hatari kwa uzoefu wa wenzake. Aidha, hofu ina gharama yake hata pasipo tukio lolote: mwanafunzi huacha kipindi cha jioni maktaba, muuguzi hukataa zamu yenye posho, na msafiri hulala kwenye benchi la stendi akisubiri kupambazuke.

Kwenye bodaboda hoja hiyo hupata uzito wa ziada ambao teksi haina, kwa sababu abiria hukaa mwili kwa mwili na dereva, hasa pale panapobebwa "mishikaki", yaani abiria wawili au zaidi kwenye pikipiki moja. Mwanamke aliyevaa baibui au khanga, na ambaye angependa kukaa upande lakini barabara ya mawe haimruhusu, anaudhika hata kabla dereva hajafanya kosa lolote. Dereva mwanamke huondoa udhia huo mara moja, na hakuna kanuni ya LATRA wala kamera inayoweza kufanya hivyo.

Udhaifu wa hoja hiyo uko kwingine. Takwimu zile zile zinaonyesha kwamba watendaji wakubwa wa ukatili dhidi ya wanawake ni waume na wenza wao, watu wanaofahamika, hivyo usafiri ni sehemu ya tatizo na si tatizo lenyewe. La muhimu zaidi, mkasa wa Delhi haukutokana na jinsia ya dereva peke yake. Ulitokana na mfumo ulioshindwa kujua kwamba mtu mwenye rekodi ya tuhuma nzito alikuwa amekabidhiwa abiria. Kuweka dereva mwanamke ni kuuzunguka mfumo huo mbovu, na wanaume wengine wote waliomo ndani yake hubaki walivyo, wakiendelea kubeba wanawake wengi zaidi ya wale watakaofikiwa na huduma mpya.

Vijiwe vya Morogoro vinalionyesha jambo hili kwa karibu. Kijiwe, yaani kituo kisicho rasmi ambako madereva wa bodaboda au bajaji hukaa kusubiri abiria, kina uongozi, daftari na michango, na wanachama wake hujuana kwa majina na kwa nyumba wanazoishi. Abiria mwanamke wa mara kwa mara huchukua namba ya simu ya dereva mmoja anayemwamini na kumfanya wake, akimpigia kila anaposhuka Msamvu. Utaratibu huo ni mzuri mpaka siku dereva anapomkabidhi chombo "deiwaka", kijana anayeendesha kwa siku au kwa saa kadhaa badala ya mwenye chombo, bila jina lake kuwamo popote. Abiria aliyempigia mtu anayemjua huletewa mtu asiyemjua, kwenye pikipiki ile ile anayoitambua kwa stika zake, na akishapanda ndipo husikia sauti ngeni. Katika Morogoro, mwanya mkubwa wa usalama ni huyu deiwaka, na dereva mwanamke hauzibi kama naye ana deiwaka wake.

Hoja ya ajira

Upande wa pili wa watetezi huweka mbele kipato. Udereva wa abiria nchini Tanzania ni miongoni mwa kazi chache zinazomwezesha mtu asiye na elimu kubwa kupata fedha kila siku, na kuwaacha wanawake nje yake ni kuwanyima mlango ambao kaka zao wameutumia kwa wingi tangu bodaboda zilipotambuliwa kwa kanuni za leseni za usafirishaji za mwaka 2010. Hoja hii ina nguvu, na haihitaji kuegemea usalama wa abiria.

Hata hivyo, mlango huo una vizingiti vyake. Dereva asiye na chombo chake huendesha kwa "hesabu", kiasi maalumu anachompelekea mwenye chombo kila siku, apate abiria asipate, au huendesha kwa "mkataba", ambao humpa umiliki wa chombo baada ya kulipa hesabu kwa kipindi walichokubaliana. Mifumo yote miwili humlazimisha dereva akae barabarani saa nyingi, na saa zenye fedha ni za asubuhi mapema na za usiku. Saa hizo hizo ndizo ambazo mwanamke mwenye familia hutakiwa awe jikoni, kisimani au kwenye kuwaandaa watoto, kwa kuwa kazi za nyumbani hazijagawanywa upya kwa sababu tu yeye ameshika usukani. Matokeo yake ni mgongano ambao watetezi wengi huupita haraka: huduma inayohitajika zaidi usiku huwategemea madereva wenye uwezekano mdogo zaidi wa kufanya kazi usiku.

Mtaji unaweza kupatikana. Halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia 4 huenda kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 kwa ajili ya marekebisho na kurejeshwa 2024. Vikundi vya vijana wa kiume vimekuwa vikichukua bajaji na pikipiki kwa mikopo hiyo, na hakuna kinachovizuia vikundi vya wanawake kufanya vivyo hivyo. Mafunzo nayo si kikwazo kikubwa kwa mji ulio na chuo cha VETA pale Kihonda. Kikwazo kigumu ni saa.

Uchache wa madereva na muda wa kusubiri

Kati ya hoja zote, hii ndiyo inayoamua hatima ya huduma kwa vitendo, na ndiyo inayozungumzwa kidogo kuliko zote. Usafiri wa kuita kwa simu huishi au kufa kwa muda wa kusubiri, na muda huo hutegemea ni madereva wangapi wako kazini, karibu na abiria, wakiwa hawana mtu, kwa dakika hiyo hiyo. Mwaka 2014, huduma iliyoitwa SheTaxis ililazimika kuahirisha uzinduzi wake jijini New York, mji wa mamilioni ya watu, kwa kukosa madereva wanawake wa kutosha kukidhi mahitaji. Utafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, uliochapishwa 2018 na kuhusisha nchi sita zikiwamo Afrika Kusini, Misri na India, nao ulionyesha pengo hilo hilo: abiria wanawake walikuwa wengi, madereva wanawake walikuwa sehemu ndogo sana.

Hesabu ya kufikirika inaweza kusaidia kuona hali ingekuwaje Morogoro. Chukuliwe kwamba wamepatikana madereva wanawake 20 wa bajaji, idadi ambayo kwa kuanzia isingekuwa ndogo. Saa nne usiku, 12 kati yao wamekwisha kurudi nyumbani. Wanane waliobaki wametawanyika Kihonda, Msamvu, Mazimbu na Bigwa, na watatu kati yao wana abiria. Mwanamke aliyesimama Mzinga akihitaji kwenda hospitali anaweza kuwa na dereva wa karibu aliye upande wa pili wa mji, dereva ambaye atakuja bila abiria, na ambaye pengine ataona haina faida kuja. Kwa muda wote huo mwanamke huyo amesimama kando ya barabara isiyo na taa akiwa na simu yenye mwanga mkononi. Huduma iliyokusudiwa kumwepusha na hatari ya dakika kumi ndani ya bajaji imemweka kwenye hatari ya dakika arobaini nje yake. Akichoka kusubiri, atapanda bodaboda ya kwanza itakayopita, ambayo huenda ni ya deiwaka.

Kuna njia ya kulikwepa tatizo hili, nayo ni kuacha kutegemea mwito wa papo kwa papo na kuanzia kwenye safari ambazo saa yake inajulikana tangu mapema. Treni ina ratiba. Zamu ya wauguzi ina saa. Maktaba ya chuo hufungwa kwa kengele, na mama wa ndizi huamka siku zile zile za soko. Safari za miadi za namna hii, yaani zinazokubaliwa siku moja au zaidi kabla, huwezesha madereva wachache kuhudumia watu wengi, kwa sababu bajaji moja inaweza kupangiwa abiria watatu wanaoelekea upande mmoja, na dereva mwenye familia hujua kwamba atatoka saa tatu na kurudi saa tano badala ya kukesha kijiweni.

Dereva naye ana usalama wake

Mijadala mingi humchora abiria kuwa mwenye kuhitaji ulinzi na dereva kuwa mlinzi, picha inayosahau kwamba dereva mwanamke naye yuko peke yake usiku, akiwa na fedha taslimu na chombo cha thamani. Taarifa ya usalama iliyotolewa na Uber nchini Marekani mwaka 2019, ikihusu safari za 2017 na 2018, iliorodhesha matukio 5,981 ya ukatili na udhalilishaji wa kingono yaliyoripotiwa, na karibu nusu ya walioshutumiwa walikuwa abiria. Jijini Nairobi, Machi 2022, kundi la waendesha bodaboda lilimdhalilisha hadharani mwanamke aliyekuwa akiendesha gari lake mwenyewe, tukio lililolazimisha serikali ya Kenya kuagiza msako na usajili upya wa sekta hiyo. Usukani haukumkinga.

Kwa mtazamo huu, kampuni inayobeba wanawake peke yao ina faida ambayo aina ya tatu haina, kwa kuwa humwondolea dereva hatari ya abiria wa kiume wasiojulikana. Lakini humwondolea pia nusu ya soko, na dereva wa hesabu hawezi kuipoteza nusu ya soko kwa urahisi. Rangi maalumu za magari nazo zina pande mbili, maana humsaidia abiria kulitambua gari na humsaidia mhalifu vile vile kujua ni gari gani linaendeshwa na mwanamke na kubeba mwanamke. Teksi za waridi za Puebla nchini Meksiko, zilizoanza 2009, zilikosolewa pia kwa kuwekewa vifaa vya kujirembea, kana kwamba aliyekuwa akikimbia udhalilishaji alikosa kioo. Rangi na vipodozi ni biashara ya kujitangaza. Vikivuta wateja, sawa, ila visihesabiwe kuwa ulinzi.

Msimamo wa sheria

Wapinzani huuliza kama kumkataa abiria kwa sababu ni mwanamume si ubaguzi. Ibara ya 13 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inakataza ubaguzi, na jinsia ni miongoni mwa misingi iliyotajwa humo, lakini ibara hiyo hiyo inaeleza kwamba katazo hilo haliizuii Serikali kuchukua hatua za makusudi za kurekebisha matatizo katika jamii. Kinga hiyo inataja Serikali, haitaji kampuni binafsi, hivyo anayetaka kuanzisha huduma ya wanawake peke yao atakuwa mahali salama zaidi kisheria akifanya hivyo chini ya mpango wa halmashauri au wa mamlaka ya udhibiti kuliko akiitangaza kama biashara tu. Aina ya pili, ya abiria kuchagua, haina utata mkubwa kiasi hicho kwa kuwa hakuna anayeachwa bila usafiri.

Upande wa udhibiti, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, ndiyo yenye mamlaka juu ya leseni na nauli. Historia yake na kampuni za programu za simu inapaswa kuzingatiwa na yeyote anayetaka Morogoro itegemee programu ya kigeni: mwaka 2022 ilipoweka ukomo wa asilimia 15 kwa kamisheni wanazotozwa madereva, Uber ilisimamisha huduma zake nchini, ikarejea baada ya ukomo huo kupandishwa hadi asilimia 25. Kampuni yenye uwezo wa kufunga jijini Dar es Salaam kwa sababu ya kamisheni haitaona shida kuiacha kata ya pembezoni mwa Morogoro.

Jambo la mwisho la kisheria linahusu taarifa. Huduma yoyote ya miadi itahifadhi majina ya wanawake, namba zao za simu, wanakoishi na saa wanazorudi wakiwa peke yao, orodha ambayo ikivuja ni hatari kuliko kutokuwapo kwa huduma yenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa kama hizo ajisajili na azilinde, na kikundi cha wanawake kumi wenye bajaji tatu hakijasamehewa kwa sababu ni kidogo. Daftari la kijiwe linalolala juu ya kiti cha plastiki halifai kwa kazi hiyo.

Upande unaolemea

Hoja zikiwekwa pamoja, kampuni ya wanawake peke yao inayoitwa kwa simu wakati wowote inaonekana kuwa chaguo dhaifu kwa Mzinga na Morogoro, hata ikiwa imefaa Nairobi, kwa sababu ya uchache wa madereva, umbali na kipato. Chaguo ndani ya programu ni zuri pale ambapo programu inatumika na madereva wanawake wapo, masharti mawili yasiyotimia kwa wakati mmoja katika mji huu. Kinachobaki chenye nafasi ya kweli ni mchanganyiko wa vikundi vya madereva wanawake wanaofanya safari za miadi za usiku na alfajiri, na usajili wa vijiwe vyote unaomfikia deiwaka, ili kila anayekabidhiwa chombo, mwanamume au mwanamke, awe na jina lililo kwenye daftari la kijiwe na la polisi kabla hajambeba mtu. Sehemu ya kwanza bila ya pili itawakinga wanawake wachache wenye ratiba; ya pili bila ya kwanza itawaacha wale ambao udhia wao hauponywi na kitambulisho.

Mpango huo una gharama moja ambayo haijapata mwenyewe, nayo ni safari ya kurudi. Bajaji inayompeleka abiria Mzinga saa nne usiku hurudi mjini tupu, na dereva huifidia safari hiyo kwa kupandisha nauli au kwa kukataa kwenda. Abiria watatu wakichangia, nauli hushuka lakini lazima wapangwe pamoja, jambo linalohitaji mtu wa kupanga na simu ya kupokea miadi. Mikopo ya halmashauri hununua chombo na hailipi mafuta ya kurudi. Walio na sababu ya kulipa ni waajiri na vyuo, ambao wauguzi na wanafunzi wao ndio wanaorudi usiku, na ambao tayari hupanga zamu na saa za vipindi bila kuuliza mhusika atafikaje nyumbani. Wakikubali kubeba gharama hiyo kwa mkataba wa mwezi, huduma inaweza kuanza kwa bajaji mbili au tatu. Wasipokubali, dereva mwanamke atapiga hesabu ile ile anayopiga dereva mwanamume, na baada ya saa tatu usiku hataonekana Mzinga.